Kandida: hamira inayoishi mwilini mwetu

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo watu wengi hulionea aibu. Kwa sababu ya aibu hiyo huteseka kimya, hununua dawa zisizowafaa, na wakati mwingine fitina huingia nyumbani bure. Jambo lenyewe ni fangasi iitwayo kandida.

Mambo huanza hivi. Mama anawashwa sehemu za siri, tena anatokwa na uchafu mweupe, mzito, kama maziwa yaliyoganda. Kwa siku kadhaa hamwambii mtu. Akimwambia mumewe, baba anauliza: "Ugonjwa huu umeupata wapi?" Mama naye anajiuliza moyoni kama si baba aliyeuleta kutoka katika safari zake za Mbeya mjini. Kuanzia hapo kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Basi ifahamike tangu mwanzo: aghalabu hakuna aliyeleta kitu. Kandida ilikuwamo mwilini siku zote. Swali la kuuliza si imetoka wapi, bali ni kitu gani kimeifungulia mlango.

Ni kiumbe gani hiki?

Sisi wa Kawetele na Tukuyu kwa jumla tuna mfano wa karibu. Anayepika kimpumu huotesha ulezi, huukausha, huusaga na kuupika. Baada ya siku kadhaa mchanganyiko huanza kutoa povu kana kwamba unachemka, na hali hakuna moto. Kazi hiyo hufanywa na viumbe vidogo mno vya jamii ya hamira, ndugu wa hamira ya dukani tunayotia kwenye unga wa maandazi. Hula sukari, huongezeka, hutoa hewa na kileo.

Kandida ni ya ukoo huo huo wa hamira, ila makao yake si chungu cha pombe. Makao yake ni mwili wa binadamu na wa wanyama wenye damu ya moto. Haionekani kwa macho: ukizipanga seli zake 200 kwenye mstari mmoja, utapata urefu wa milimita moja tu. Mnamo mwaka 1839 daktari wa Kijerumani Bernhard von Langenbeck alieleza habari za fangasi aliyoikuta katika utando mweupe wa mgonjwa wa homa ya matumbo. Jina la Candida lilitolewa mwaka 1923 na mama mmoja mtaalamu wa Uholanzi, Christine Berkhout. Ni neno la Kilatini lenye maana ya nyeupe. Aina iliyo maarufu kuliko zote huitwa Candida albicans, na neno hilo la pili nalo linasema habari za weupe. Naona waliotoa majina walitaka tusisahau rangi ya utando wake.

Wengi wetu tunayo leo hii: mdomoni, tumboni, katika mikunjo ya ngozi. Kati ya wanawake kumi wasio na dalili yoyote, mmoja au wawili wanayo ukeni na hawajui. Haiwadhuru.

Uzio unaoizuia

Kwa nini basi haitudhuru siku zote? Hapa tena tuna mfano wa nyumbani, maana Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Maziwa mabichi yakiachwa kwenye chombo safi huchachuka na kuwa mtindi. Wanaoyachachusha ni bakteria wema, na ule uchachu wao ndio unaofanya mtindi ukae siku nyingi kuliko maziwa mabichi. Bakteria wa jamii hiyo huishi ukeni mwa mwanamke mwenye afya. Uchachu wao huwazuia vijidudu vingi vya maradhi, na wao wenyewe kwa wingi wao huinyima kandida nafasi na chakula. Huo ni uzio wa kwanza. Uzio wa pili ni kinga ya mwili, yaani askari walio katika damu na katika ngozi laini ya ndani.

Uzio ukibomoka, kandida hubadilika umbo. Badala ya kuwa vidonge vidogo vya mviringo, huota nyuzi ndefu kama mizizi, na nyuzi hizo hupenya katika ngozi laini. Mwaka 2016 watafiti wa King's College London pamoja na wenzao walitangaza kwamba nyuzi hizo hutoa sumu inayotoboa seli zetu, wakaiita kandidalisini. Ndiyo maana mgonjwa huhisi mwasho na moto, na si utelezi tu.

Mbomoaji mkubwa wa uzio wa kwanza ni dawa tunazojinunulia. Sikiliza jinsi inavyokuwa. Mtu amenyeshewa, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo si ajabu. Anapata mafua. Anaingia duka la dawa na kutoka na vidonge vya amoksilini. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Haiui fangasi pia. Inachoua ni bakteria, wakiwamo wale wema wa tumboni na ukeni. Baada ya wiki moja mafua yamekwisha yenyewe, kama ambavyo yangekwisha bila vidonge, lakini sasa mama anawashwa. Anarudi dukani, anaeleza kwa sauti ya chini, naye muuzaji anasema ni "UTI" na kumpa dawa nyingine ya bakteria. Mwasho unazidi. Kuna akina mama wanaozunguka namna hii miezi sita, wakidhani wana ugonjwa mkubwa usio na jina, kumbe dawa yenyewe ndiyo inayoipalilia fangasi. Sisemi dawa za bakteria ni mbaya. Mwenye homa ya mapafu huokolewa nazo. Ninasema zisinywewe kwa kubahatisha.

Wabomoaji wengine ni uja uzito, ugonjwa wa kisukari, virusi vya UKIMWI, na dawa zinazopunguza kinga kama predinisoloni ikitumiwa muda mrefu. Wenye pumu wanaovuta dawa ya steroidi kwa mdomo wasukutue maji na kuyatema kila wamalizapo, vinginevyo huota utando kooni. Wenye meno ya bandia wayavue usiku.

Kwa akina mama

Takriban wanawake watatu kati ya wanne hupatwa na fangasi ukeni angalau mara moja maishani. Dalili zake ni mwasho, wekundu, moto wakati wa kukojoa au wa tendo la ndoa, na uchafu mweupe wa mabonge ambao kwa kawaida hauna harufu mbaya. Harufu hiyo ni alama ya kuangalia sana. Ukisikia harufu kama ya samaki, au uchafu ukiwa wa manjano au kijani, au una homa, maumivu chini ya kitovu, au kidonda, basi huenda si kandida, na vidonge vya fangasi havitakusaidia. Wengi wanaojipima wenyewe kwa kukisia hukosea.

Ikiwa ni kandida kweli, tiba yake ni nyepesi: vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni kwa siku chache, au kidonge kimoja cha kumeza cha flukonazoli cha miligramu 150. Mama mjamzito hapaswi kumeza flukonazoli bila daktari kujua; yeye hutumia vya kuweka, kwa muda wa siku saba, kwa mikono iliyonawa. Hakuna haja ya kumtibu mume asiye na dalili. Kandida haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, ingawa baba naye huweza kuwashwa na kuota wekundu au utando kwenye kichwa cha uume, hasa kama hajatahiriwa. Hapo na atibiwe kwa krimu.

Kisha kuna desturi ya kujiosha ndani kwa sabuni, limao, siki, chumvi au Dettol, wengine wakiweka hata kitunguu saumu. Jamani, tuache. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiuosha ndani unawafukuza wale bakteria wa mtindi, na kitunguu saumu huunguza. Maji safi upande wa nje yanatosha. Kuhusu mtindi, unywe kwa kuwa ni chakula kizuri, lakini usiutie huko kama dawa.

Jambo la nguo za ndani lina shida yake huku kwetu. Kwa aibu, tena kwa desturi za heshima kati ya wakwe ambazo Wanyakyusa wamezishika tangu zamani, mama huzianika chumbani nyuma ya mlango. Katika miezi ya mvua hazikauki, naye huzivaa zikiwa na unyevu. Fangasi za ngozi hupenda unyevu na joto. Anika juani chini ya kanga nyepesi, au zipige pasi ya mkaa, na chagua za pamba zisizobana.

Fangasi ikirudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, usiendelee kununua vidonge tu. Omba upimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Sukari ikizidi katika damu huzidi pia katika mkojo, na kandida hushangilia kama hamira iliyotiwa kwenye uji mtamu. Mtu wa makamo mwenye kiu isiyokwisha, anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, na ambaye sasa amepata fangasi sehemu za siri, awe mwanamume au mwanamke, ana kila sababu ya kutoa tone moja la damu kidoleni.

Mdomo wa mtoto mchanga

Mtoto huipata kandida wakati wa kuzaliwa, au kutoka mikononi mwetu, chuchu na chupa za maziwa. Kinga yake bado changa, hivyo katika wiki za mwanzo ni kawaida kuota utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu. Jinsi ya kuutofautisha na maziwa: funga kitambaa safi kidoleni na ufute taratibu. Maziwa yatatoka. Utando wa kandida hung'ang'ania, na ukilazimishwa huacha pekundu panapovuja damu. Ukishajua hivyo, acha hapo hapo. Wapo bibi wanaosugua ulimi wa mtoto kwa chumvi au kwa jani kali hadi damu itoke, na mtoto hushindwa kunyonya kwa maumivu. Hapo hatari sasa si fangasi. Hatari ni njaa na kukaukiwa maji.

Mama aendelee kunyonyesha. Dawa ni matone ya nistatini, kwa kawaida mara nne kwa siku baada ya kunyonya, na yaendelee siku mbili baada ya utando kwisha. Kama chuchu za mama zinawaka moto na zimekuwa nyekundu, atibiwe siku hizo hizo, vinginevyo watarudishiana. Wazazi wa zamani wanaikumbuka dawa ya zambarau iitwayo GV iliyopaka midomo ya watoto wengi wa nchi hii. Ilisaidia, lakini ikiwa kali huchubua mdomo, na mwaka 2019 serikali ya Kanada ilionya juu ya uwezekano wake wa kusababisha saratani. Nistatini ikiwapo, ichukue hiyo. Chini nako, wekundu wa makalio wenye vipele vidogo pembeni, hasa mtoto akifungwa plastiki juu ya nepi, mara nyingi ni kandida hiyo hiyo. Mwache mtoto akae bila nepi kila uwezapo, na uombe krimu.

Utando mdomoni mwa mtu mzima

Hapa naomba tukae kidogo. Mtoto mchanga akiota utando si ajabu. Mtu mzima ambaye hatumii dawa za steroidi, hakumeza dawa za bakteria karibuni na hana kisukari, akiota utando mweupe mdomoni, hilo ni neno kutoka kwa kinga yake. Shirika la Afya Duniani huhesabu utando wa mdomoni unaodumu kuwa alama ya hatua ya tatu ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na utando ukishuka katika njia ya chakula, hata kumeza ugali kukawa maumivu nyuma ya kifua, ni hatua ya nne.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka ya 1990 mtu alipoonekana na ulimi mweupe huku amekonda, majirani walinong'ona, na familia ilianza kuhesabu siku. Woga ule haujaisha. Hata sasa wapo wanaoficha ulimi, wanaousugua kwa mswaki kila asubuhi, wanaonunua flukonazoli kimya kimya mwezi baada ya mwezi. Utando unakwisha na kurudi, kwa kuwa aliyebomoa uzio bado yumo ndani. Lakini mambo yamebadilika. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke. Anayezitumia vizuri hujenga uzio upya, na mara nyingi utando huacha kabisa kurudi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 uliutaja Mkoa wetu wa Mbeya pamoja na Njombe na Iringa kuwa ndiyo mitatu yenye maambukizi mengi zaidi kwa watu wazima. Kwa hiyo anayesema "huku kijijini hayapo" anajidanganya. Anayeficha ulimi mwaka mzima hupoteza mwaka ambao dawa zingefanya kazi.

Tofauti na mdomo, fangasi ya ukeni peke yake si alama ya UKIMWI. Mama asiogope kwa hilo. Ni ile inayorudi rudi tu ndiyo inayodai kipimo.

Mikono ya kazi

Wanaokamua, wanaoosha vyombo kutwa, na wachumaji wa chai huko Katumba, ambao vidole vyao havikauki, hupata kandida katikati ya vidole na pembeni mwa kucha. Nyama ya ukucha huvimba na kuuma, ukucha hupoteza umbo. Kukausha vizuri na kupaka klotrimazoli hutosha mara nyingi. Miguu ya kwenye mabuti ya mvua ni habari nyingine, maana fangasi ya vidole vya miguu aghalabu si kandida.

Wauzaji wa "fangasi sugu"

Siku za mnada husikika vipaza sauti vikitangaza dawa ya kusafisha fangasi ya damu, ya tumbo, ya kizazi, ya uchovu na ya kukosa watoto, zote kwa chupa moja. Wengine humwambia mtu ateme mate asubuhi kwenye glasi ya maji: yakishuka kama nyuzi, eti ana kandida. Kipimo hicho hakipimi chochote. Mate mazito hushuka, mepesi huelea, basi.

Na ujanja huu si wa kwetu pekee. Mwaka 1983 daktari William Crook wa Marekani alitoa kitabu kilichoitupia kandida lawama za uchovu, huzuni na maumivu ya kila namna, kikanunuliwa sana. Mwaka 1990 madaktari wa Birmingham, Alabama, walitangaza matokeo ya kuwajaribu wanawake 42 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, wakiwapa kwa zamu nistatini na dawa bandia. Mwasho wa ukeni ulipungua kwa nistatini, lakini uchovu na huzuni havikupungua kuliko kwa dawa bandia.

Kandida ya damu ipo kweli, na ni ugonjwa wa kufisha, lakini mwenye nao hatembei mnadani. Huwapata watoto njiti, wagonjwa mahututi, na waliowekewa mipira kwenye mishipa kwa muda mrefu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Candida albicans katika kundi la juu la fangasi za hatari, pamoja na nduguye Candida auris, aliyetangazwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na ambaye tayari amewahi kukutwa kwa wagonjwa hospitalini Nairobi. Huyo wa pili hukaa juu ya vitanda na vifaa, na dawa nyingi hazimwezi.

Nistatini yenyewe ilitokana na udongo. Mwaka 1950 akina mama wawili wa jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliitangaza baada ya kuchunguza sampuli nyingi walizotumiana kwa posta, mmoja akiwa jijini New York na mwenzake Albany. Kijidudu kinachoitengeneza kilitoka katika udongo wa shamba moja huko Virginia, na jina la dawa linatokana na jina la jimbo lao. Mamilioni ya dola yaliyotokana nayo waliyaacha yote yasaidie utafiti.

Ukienda zahanati, hospitali ya wilaya pale Tukuyu au Igogwe, mweleze mganga kila dawa uliyomeza mwezi uliopita, hata ile ya mafua. Kama umebakiza vidonge, chukua na pakiti yake.